Namna ya Kuwafundisha Vijana wa Lubumbashi Historia ya Outfit, Genge la Chicago

Katika mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, kuna kinyozi ambaye kwenye ukuta wa nje wa kibanda chake amechorwa mwanamume mnene mwenye kofia na sigara kubwa mdomoni, na chini ya picha hiyo limeandikwa jina la Capone. Vijana wanaokaa kwenye benchi pale wakingoja zamu yao wanalifahamu jina hilo, lakini nilipowauliza mtu huyo alifanya kazi gani, mmoja alisema alikuwa tajiri, wa pili alisema alikuwa mtu ambaye polisi walimwogopa, na wa tatu alisema alikuwa mwigizaji wa sinema. Siku hiyo niliamua kuliingiza jambo hili, yaani historia ya Capone na genge aliloliongoza huko Chicago, Marekani, katika kikundi chetu cha historia kinachokutana kila Jumamosi mchana katika ukumbi wa parokia. Nimekwisha kulifundisha mara nne, kila mara nikirekebisha nilipokosea, na hapa naandika namna ninavyofanya, ili mwalimu au kiongozi wa vijana anayetaka kulifundisha apate pa kuanzia.

Utahitaji Jumamosi tatu za saa mbili mbili, karatasi mbili kubwa za kaki za kubandika ukutani, kalamu nene, daftari moja kwa kila kijana, na vifuniko vya chupa vipatavyo mia moja, ambavyo utavipata bure katika nganda, yaani baa ya mtaani, yoyote. Picha na sinema usitumie. Sinema zimekwisha kuwaonyesha vijana sura na mavazi ya watu hawa, na kinachowapungukia ni kujua fedha zilitoka kwa nani zikaenda kwa nani. Swali hilo moja ndilo litakalobeba somo lote.

Matayarisho ya mwalimu

Kabla ya kusimama mbele ya vijana, yaweke majina sawa. Huko Chicago kundi lenyewe huitwa Outfit, na ni vema ulitumie jina hilo badala ya kulikusanya pamoja na kila kitu kinachoitwa Mafia. Al Capone alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 17 Januari 1899, na wazazi wake walitoka upande wa Naples, si Sicilia. Jake Guzik, aliyesimamia fedha za kundi, alikuwa Myahudi. Murray Humphreys, aliyeshughulika na wanasiasa na vyama vya wafanyakazi, alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Wales. Jambo hili nalisisitiza kwa makusudi, kwa kuwa mji wetu unajua vizuri madhara ya kuwatia watu wote wa asili moja katika kapu moja, na sitaki kijana aondoke ukumbini akiamini kwamba uhalifu ni tabia ya kabila fulani.

Kisha chora katika daftari lako safu nne: tarehe, tukio, nani alifaidika, na nani anayesema hivyo. Safu ya nne ndiyo itakayokusumbua, na ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Mfano mmoja unatosha kuonyesha sababu yake. Tarehe 9 Juni 1930, Jake Lingle, ripota wa gazeti la Chicago Tribune, aliuawa kwa risasi katika njia ya chini ya ardhi, wakati watu wengi wakipita. Kwanza mji mzima ulimlilia kama shujaa wa habari, lakini baadaye ikajulikana kwamba mtu huyo aliyelipwa mshahara wa dola 65 kwa juma alikuwa na mapato yaliyozidi dola 60,000 kwa mwaka. Ikiwa mwandishi wa habari za wahalifu alikuwa naye mezani pao, basi kila taarifa ya miaka ile inabidi iulizwe ilitoka kwa nani na huyo alikuwa analipwa na nani.

Utakutana pia na mitego ya majina. Frank J. Wilson ni mpelelezi wa kodi aliyemtafuta Capone. Frank Wilson mwingine ni hakimu aliyekula rushwa katika miaka ya 1970. Mara ya kwanza nilipofundisha niliwachanganya wawili hawa mbele ya vijana ishirini, nikampa mtu mwaminifu aibu ya mwenzake, na Jumamosi iliyofuata ilinibidi kuanza kwa kurekebisha. Waandike kwa rangi mbili tofauti.

Jumamosi ya kwanza: anza na lutuku

Usianze na bunduki. Mimi humwalika mama mmoja mzee wa mtaa wa Katuba, ambaye hueleza jinsi ambavyo, wakati wa ukoloni, Mwafrika alikatazwa pombe kali, na jinsi lutuku, pombe kali ya kienyeji, ilivyopikwa usiku nyuma ya nyumba, pipa likifukiwa udongoni kabla ya mapambazuko. Anapomaliza, nawauliza vijana swali moja: ili nyumba ile iendelee kuuza kwa miaka kumi, ni nani waliopaswa kunyamaza? Wanataja jirani, wanataja mteja, wanataja chifu wa mtaa, kisha mmoja anataja askari. Hapo wanakuwa wamekwisha kuigusa historia ya Chicago bila kujua, nawe unaweza kufungua karatasi ya kwanza ukutani.

Waeleze kwamba ulinzi ulionunuliwa kwa rushwa ulikuwapo Chicago kabla ya marufuku ya pombe. Mwanzoni mwa karne ya 20, Kata ya Kwanza ya Chicago ilikuwa mikononi mwa madiwani wawili, Michael Kenna na John Coughlin, na katika kata hiyo kulikuwa na eneo la madanguro na kamari lililoitwa Levee. Giacomo Colosimo, aliyeanza kama mfagiaji wa barabara, aliwakusanyia madiwani hao kura na fedha, nao wakamwachia aendeshe madanguro yake. Alimleta Johnny Torrio kutoka New York kuwa msaidizi, na Torrio baadaye akamleta Capone. Marufuku ya pombe ilipoanza kutumika nchini Marekani tarehe 17 Januari 1920, mashine ya kulipa na kulindwa ilikuwa tayari imekwisha kupakwa mafuta. Ilibidi tu kuipitishia bidhaa mpya. Colosimo aliuawa katika mkahawa wake tarehe 11 Mei mwaka huohuo, na hakuna aliyehukumiwa kwa kifo hicho.

Sasa toa vifuniko vya chupa. Mweke kijana mmoja awe mteja mwenye vifuniko thelathini, mwingine mwenye baa, mwingine dereva wa lori, mwingine mwenye kiwanda cha bia, mwingine askari wa doria, mwingine kapteni wa polisi, mwingine diwani, na mmoja awe Torrio. Mteja ananunua, na kila anayepokea vifuniko lazima aseme kwa sauti anampa nani sehemu yake na kwa nini. Usiwape majibu. Katika kikundi changu cha mwisho, msichana aliyekuwa askari wa doria aligundua baada ya mizunguko mitatu kwamba anapata zaidi kwa kutofanya kazi yake kuliko kwa kuifanya, akaviangalia vifuniko vilivyokuwa mkononi mwake, akanyamaza. Mpe nafasi ya kunyamaza hivyo, usiharakishe kueleza.

Mchezo ukiisha, ongeza mabadiliko mawili. Kwanza, mwaka 1923 William Dever alichaguliwa kuwa meya akachukua mahali pa William Hale Thompson, naye aliamua kweli kufunga baa na viwanda. Waulize vijana Torrio afanye nini. Kwa kawaida wanasema atoe rushwa zaidi, lakini yeye alihamisha shughuli zake Cicero, mji mdogo unaopakana na Chicago, na katika uchaguzi wa huko wa tarehe 1 Aprili 1924 watu wenye silaha waliwatisha wapiga kura mpaka wagombea waliotakiwa na genge wakashinda. Kaka yake Capone, Frank, aliuawa na polisi siku hiyo. Pili, mwaka 1927 Thompson alirudi madarakani. Acha vijana wachore wenyewe mishale ya fedha upya.

Jumamosi ya pili: damu kwa ufupi, hesabu kwa urefu

Vita vya magenge vipitie kwa dakika ishirini, si zaidi. Dean O'Banion, kiongozi wa genge la upande wa kaskazini wa jiji, aliuawa katika duka lake la maua tarehe 10 Novemba 1924. Torrio alipigwa risasi Januari 1925, akapona, akamwachia Capone uongozi. Na tarehe 14 Februari 1929 watu saba waliuawa ndani ya gereji iliyoko Clark Street, na baadhi ya wauaji walikuwa wamevaa sare za polisi. Hapo nasimama kidogo kwa ajili ya wawili kati ya saba hao. John May alikuwa fundi wa magari, mtu wa kukarabati malori, na Reinhardt Schwimmer alikuwa mtaalamu wa miwani aliyependa tu kukaa na watu hao. Sipendi kijana alijue jina la aliyetuhumiwa kuagiza mauaji asilijue jina la fundi aliyekufa akiwa kazini. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa mahakamani kwa mauaji hayo.

Muda uliobaki wote upe daftari la hesabu, maana hapa ndipo penye utajiri wa somo. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya muuza pombe wa magendo aliyeitwa Sullivan, iliamua kwamba mapato yaliyopatikana kwa njia haramu nayo yanatakiwa kutangazwa na kulipiwa kodi. Uamuzi huo ulifungua mlango. Capone hakuwa na akaunti ya benki kwa jina lake na hakutia sahihi karatasi, kwa hiyo wapelelezi walilazimika kutafuta mkono wa mtu mwingine. Mwaka 1926, baada ya mwendesha mashtaka msaidizi William McSwiggin kuuawa Cicero, nyumba za kamari za huko zilivamiwa na vitabu vyake vikachukuliwa. Kimojawapo kilikaa kabatini miaka kadhaa bila mtu kukifahamu, mpaka Frank J. Wilson alipokifungua na kuona kwamba faida ya kamari iligawanywa humo kwa majina mafupi, likiwamo la Al.

Ni nani aliyeandika? Wapelelezi walilinganisha mwandiko wa kitabu na miandiko ya karatasi za benki na nyaraka nyingine, wakamfikia karani aliyeitwa Leslie Shumway, wakampata Miami, naye akakubali kutoa ushahidi. Fanya zoezi hili pamoja na vijana: kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi tarakimu kuanzia 0 hadi 9 na jumla ya hesabu tatu, bila jina, changanya vipande, kisha uwape na daftari zao waweze kulinganisha. Watashangaa jinsi 7 na 4 zinavyomfichua mtu. Kijana mmoja aliyekuwa msaidizi wa mama yake katika kuuza unga sokoni alitambua vipande sita kati ya kumi, kwa kuwa amezoea kusoma madeni yaliyoandikwa na watu mbalimbali katika daftari la duka.

Kisha wasimulie kesi yenyewe. Iliposikilizwa Oktoba 1931, Jaji James Wilkerson alipata habari kwamba watu wa Capone walikuwa wamewafikia wanajuri, basi asubuhi ya kuanza kesi akabadilishana wanajuri na jaji mwingine wa jengo hilohilo. Tarehe 17 Oktoba Capone alikutwa na hatia katika mashtaka matano, na tarehe 24 akahukumiwa kifungo cha miaka 11 na faini ya dola 50,000. Vijana watakuuliza kuhusu Eliot Ness, ofisa wa serikali aliyepambana na pombe ya magendo, kwa sababu ya sinema. Wajibu kwamba Ness alivunja viwanda vya pombe na kuharibu biashara, lakini mashtaka ya pombe aliyosaidia kuyatayarisha hayakufikishwa kusikilizwa. Kilichomfunga Capone ni kodi.

Hapa kila kikundi huuliza kama ni haki mtu anayetuhumiwa mauaji kufungwa kwa ajili ya kodi. Waache wabishane. Mimi naona serikali ilichukua njia pekee iliyokuwa haijanunuliwa, na nawaambia hivyo waziwazi, lakini nawaambia pia kwamba familia za waliouawa hazikupata hukumu.

Jumamosi ya tatu: miaka ambayo sinema huiacha

Walimu wengi humaliza na Capone gerezani. Ukifanya hivyo umewaficha vijana jambo kubwa kuliko yote, kwamba marufuku ya pombe ilifutwa tarehe 5 Desemba 1933 na kundi halikufa. Lilihamia kwenye vyama vya wafanyakazi: chini ya Frank Nitti, aliyeshika uongozi baada ya Capone, kupitia chama cha wafanyakazi wa jukwaa na sinema, lilizitoza kampuni za filamu za Hollywood zaidi ya dola milioni moja kwa kuzitishia migomo. Nitti alijiua tarehe 19 Machi 1943, mashtaka yalipotolewa. Lilihamia pia kwenye bahati nasibu ya mitaa ya Wamarekani weusi ya upande wa kusini, ambayo wenyewe walikuwa wameijenga na kuiendesha. Mwaka 1946 Edward Jones, mmoja wa wenye bahati nasibu hiyo, alitekwa nyara akakombolewa kwa dola 100,000, na tarehe 4 Agosti 1952 Theodore Roe, aliyekataa kuachia biashara yake, aliuawa. Sam Giancana, aliyekuwa nyuma ya unyang'anyi huo, ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa Outfit mwaka 1957.

Katika jina la Giancana, ukumbi wetu hubadilika, na hapa nakuomba uwe mwangalifu sana. Mwaka 1960 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilimtumia Giancana na mwenzake John Roselli katika mpango wa kumuua Fidel Castro wa Cuba. Mpango haukufaulu, na habari zake zilichapishwa Novemba 1975 katika ripoti ya kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church. Ripoti hiyohiyo ina sura nyingine inayohusu Kongo. Inaeleza kwamba mwaka 1960 CIA ilituma sumu Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa ajili ya Patrice Lumumba, na kwamba Novemba mwaka huo ilimleta Kongo mtu aliyeajiriwa Ulaya akiwa na historia ya uhalifu. Kurasa za Chicago na kurasa zetu zimefungwa ndani ya jalada moja.

Vijana wakisikia hivyo watataka kuruka mara moja na kusema kwamba genge la Chicago lilimuua Lumumba. Wazuie kwa upole na kwa ukweli. Sumu haikutumika. Lumumba na wenzake Mpolo na Okito waliuawa kwa risasi usiku wa tarehe 17 Januari 1961, huko Shilatembo, nje ya mji wetu, na askari wa Katanga, jimbo letu lililokuwa limejitenga, waliokuwa chini ya maofisa wa Kibelgiji, viongozi wa Katanga wakiwapo. Na kamati ya Seneti haikupata ushahidi kwamba Marekani ilihusika katika mauaji yenyewe. Rudi kwenye safu ya nne ya daftari: nani anayesema? Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kizito cha kutosha, kwamba katika miaka ileile, ofisi zilezile za dola kubwa ziliona wahalifu kuwa ni vyombo vya kazi. Giancana mwenyewe aliuawa nyumbani kwake, Oak Park, tarehe 19 Juni 1975, wakati kamati ilipokuwa inapanga kumhoji; mwili wa Roselli ulipatikana ndani ya pipa karibu na Miami mwaka uliofuata.

Sehemu ya Las Vegas, ambako mapato ya kasino yaliibwa kabla ya kuhesabiwa, inatosha kutajwa kwa sentensi mbili pamoja na hukumu za mwaka 1986 dhidi ya Joseph Aiuppa na Jackie Cerone, viongozi wa Outfit. Kesi ya mwaka 2007 iliyoitwa Siri za Familia inastahili zaidi kidogo, kwa kuwa iliunganisha mauaji 18 ya miongo kadhaa, na ilianza kwa barua ambayo mtoto, akiwa gerezani, aliwaandikia wapelelezi kumhusu baba yake, Frank Calabrese, mtu wa Outfit.

Muda wa mwisho uuweke kwa Bobby Lowe. Usiku wa tarehe 27 Septemba 1972, Lowe alikuwa akitembeza mbwa wake alipomwona Harry Aleman, muuaji wa Outfit, akimpiga risasi William Logan, jirani yake. Mwaka 1977 alisimama mahakamani akamtambua Aleman, na hakimu Frank Wilson, yule wa rangi ya pili katika daftari lako, aliyekuwa amekubali rushwa ya dola 10,000, hakumwamini akamwachia mshtakiwa huru. Mwanasheria aliyepeleka rushwa hiyo, Robert Cooley, alikuja kusema ukweli baadaye, na ingawa kwa kawaida mtu aliyeachiwa hashtakiwi tena kwa kosa lilelile, mahakama zikaamua kwamba mtu aliyenunua hukumu hakuwahi kuwa hatarini ya kuhukumiwa, kwa hiyo anaweza kushtakiwa tena. Mwaka 1997 Lowe alirudi kwenye kiti kilekile, akasema maneno yaleyale, na Aleman akahukumiwa.

Wagawe vijana wawili wawili. Mmoja awe wakili, mwingine awe Lowe. Kwanza wafanye mwaka 1977, ambapo Lowe anaulizwa kama ana uhakika na hukumu inamwendea kinyume, kisha wafanye mwaka 1997, swali likiwa lilelile. Kila awamu iwe ya dakika kumi. Katikati ya awamu mbili, kijana aliye Lowe akae peke yake kwenye kiti dakika mbili bila kuzungumza na mtu, kwa niaba ya ile miaka 20, kisha mwite jina lake umwambie asimame.